Kitanda cha Bolti Nane

Mtu akija karakanani kwangu hapa Bunia, Kongo, akitaka Haisi yake igeuzwe nyumba, namuuliza kwanza: Jumatatu gari hili litafanya kazi gani? Bado sijampata mteja aliyenunua gari la kulala tu. Wanaolala garini ni wachuuzi wa vitambaa wanaofuata masoko hadi Mahagi, wapiga picha za harusi, wachungaji, watu wa chanjo. Siku nyingine gari hilohilo lazima lipakie abiria, la sivyo halirudishi hata bei ya matairi.

Kwa hiyo mimi sijengi nyumba ndani ya gari. Najenga sanduku linaloingia na kutoka. Hata Wajerumani walianzia hapo: mwaka 1951, kampuni ya Westfalia ilipoanza kutengeneza vifaa vya kulalia vya basi dogo la Volkswagen, ilichouza kilikuwa sanduku la mbao, mchana kabati na kiti, usiku kitanda, na mwenye gari aliweza kulitoa akaendelea na kazi zake. Sinki na mabomba vilikuja baadaye. Sisi tunaona picha za magari ya leo kwenye simu tunataka kuanzia mwisho.

Tuchukue vipimo. Haisi nyembamba, ile tuliyoizoea, upana wake wa nje ni mita 1.69. Ukiondoa unene wa kuta zake, mtu mzima hawezi kunyooka akilala kwa mapana. Kitanda basi kifuate urefu wa gari, upande wa kulia. Kimo chake, pamoja na godoro, kisizidi sana sentimita 40, maana mtu aliyeketi anahitaji karibu sentimita 90 mpaka darini. Wengi hukiinua wapate stoo kubwa chini yake, halafu kila wakiamka wanagonga kichwa.

Kosa baya zaidi hufanyika sakafuni. Fundi anashika drili anatoboa popote mguu wa kitanda ulipoangukia, na chini ya bati hilo kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Tundu likikosa kugusa hivyo vyote, litaanza kutu mvua ya kwanza. Na kwa nini kutoboa? Viti mlivyovitoa vimeacha matundu ya kiwandani, yametengenezwa kushikilia watu gari linapofunga breki ghafla. Bolti nane humo zinashika sanduku zima, na watu wawili wenye spana wanalitoa kabla chai haijachemka. Viti vinavyobaki vikae mahali pake na mikanda yake. Asilale mtu kitandani gari likitembea.

Seremala atakuonyesha mvule au libuyu kutoka upande wa Mambasa. Mbao nzuri kweli, lakini nzito, ziende zikatengeneze milango ya nyumba. Mimi natumia triplex ya milimita 9, ambayo shiti lake moja lina kilo kama 16. Abiria 14 wa kilo 65 ni kilo 910, kwa hiyo gari lina uwezo wa kubeba, ila abiria hushuka kwenye tope wakasukuma, kabati halishuki. Maji nayo: bidoni mbili za njano ni kilo 40, zikae sakafuni zimefungwa kwa mkanda, kamwe zisipandishwe kwenye rafu.

Sasa mlango. Haisi nyingi zinazoingia kwetu kupitia Uganda zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto: usukani kulia, mlango wa abiria kushoto. Kongo tunaendesha kulia. Ukiegesha pembeni ya barabara, mlango wako unafunguka kwenye malori. Mwenye gari la kulala atatoka humo gizani, nusu usingizini. Ndiyo sababu maisha yote ya gari nayapeleka nyuma. Mlango wa nyuma wa Haisi hufunguka kwenda juu, tayari ni paa la kukinga mvua. Chini yake navuta droo ndefu yenye sufuria, unga na jiko, nawe unapika umesimama nje.

Hilo la kupika nje silijadili na mteja. Wasomaji wa Dar es Salaam wanisamehe, kwao makala ni haya ninayoandika. Kwetu makala ni mkaa. Na makala yakiwaka ndani ya gari lililofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Usiku wa Bunia una baridi, tuko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na kishawishi cha kuingiza jiko lenye makaa mekundu miguuni ni kikubwa. Waliofanya hivyo wamekutwa asubuhi wamekufa. Ongeza blanketi la pili.

Baridi hiyohiyo hugeuza pumzi kuwa maji kwenye bati. Godoro likilazwa juu ya ubao mzima huoza kwa chini, basi toboa ubao au tumia vipande vyenye nafasi. Acha hewa iingie chini na kutoka juu, kote kuwe na chandarua. Mbu wa malaria hana haja ya dirisha zima. Kiangazi adui ni vumbi jekundu. Gari likikimbia huvuta hewa kutoka nyuma, vumbi na moshi wa ekzosi pamoja. Funga vioo vya nyuma, fungua kidogo vya mbele.

Umeme nausema kwa ufupi kwa kuwa wauzaji wanausema kwa urefu. Taa ya wati 5 kwa saa nne, simu tatu, feni ndogo usiku: haifiki wati-saa 150. Betri ya pili ya ampea-saa 50, hata ukitumia nusu yake tu, inakupa 300. Paneli ya wati 50 inatosha kuirudishia. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Na vizuizi vya barabarani, ambavyo hakuna kitabu cha Ulaya kitakachokueleza. Mkoa wetu wa Ituri uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na askari anataka kuona ndani. Pazia lifunguke kwa mkono mmoja, sanduku liwe na vifuniko vinavyoinuka bila ufunguo, na pasiwe na sehemu ya siri hata kama ni ya kuficha pesa tu. Karte roze, yaani kadi ya gari, isome kile kilichomo. Usiku usilale porini: omba uwanja wa parokia au nyumba ya wageni, lipa kidogo.

Kabla ya kwenda Komanda, kilomita 75 tu, lala usiku mmoja wa mvua katika parseli yako, yaani kiwanja chako. Na sanduku likitolewa garini liweke juu ya matofali. Mchwa hawachelewi kwenye triplex.