Kihatarishi si Kisababishi: Lugha ya Maambukizi kwa Vichanga Waliozaliwa kwa Upasuaji

Katika Kiswahili cha wodini, neno "sababu" hubeba dhana mbili. Hutaja kile kinacholeta ugonjwa, na hutaja pia hali inayoongeza tu uwezekano wa ugonjwa kutokea. Istilahi "kihatarishi" ilikusudiwa kuibeba dhana hii ya pili, lakini haijaenea sana nje ya vitabu na miongozo. Athari ya pengo hilo huonekana wazi pale kichanga aliyezaliwa kwa upasuaji anapougua.

Kauli "mtoto amepata maambukizi kwa sababu ya operesheni" haina kosa la kisarufi, ila huficha mengi. Kisababishi ni vijidudu, hasa bakteria. Upasuaji mara nyingi huwa hatua ya mwisho ya mambo yaliyoanza saa nyingi kabla. Mama ambaye chupa yake ya uzazi imepasuka kwa zaidi ya saa 18, aliyepata homa wakati wa uchungu, au aliyepimwa njia mara nyingi, mtoto wake huwa amekwisha kukabiliwa na hatari kabla ya kisu kushikwa, kwa kuwa kizuizi kati yake na bakteria wa njia ya uzazi kimeondoka. Ndiyo maana upasuaji wa dharura baada ya uchungu mrefu haulingani na ule uliopangwa, chupa ikiwa bado nzima. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye uzito chini ya gramu 2,500, huwa na kinga dhaifu kwa njia yoyote aliyozaliwa. Upasuaji nao una sehemu yake: huweza kuchelewesha maziwa ya kwanza yenye kinga na kurefusha siku za kukaa hospitalini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe kiuavijasumu kabla ya ngozi kukatwa, lakini dawa hiyo hulenga hasa kumkinga mama mwenyewe.

Mama aliyeaminishwa kwamba kosa ni la operesheni haoni haja ya kutaja kwamba maji yalianza kumtoka tangu jana yake. Hata anapoulizwa, lugha huweka mtego mwingine, nao ni wa saa. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Faili la hospitali hufuata hesabu ya saa 24. Mama akijibu kwamba chupa ilipasuka "saa mbili usiku", maana yake ni 20:00. Mhudumu aliyesomea kwa Kiingereza au Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi katika nchi jirani, akiandika 02:00, basi saa sita zimepotea. Mtoto akizaliwa saa nane mchana wa siku inayofuata, muda halisi wa saa 18 husomeka kuwa 12, na kichanga aliyestahili kuangaliwa kwa karibu hupelekwa kwa mama yake kama wengine wote.

Neno "chupa" lenyewe halieleweki kila mahali. Kwingine husemwa kwamba maji yamevunjika, na mwenye Kiswahili cha kujifunza sokoni huenda akadhani anaulizwa habari za chombo cha soda. Swali lililo salama zaidi ni refu kidogo: maji yalianza kutoka lini, kabla ya kulala au baada ya kuamka, na jua lilikuwa wapi?