Bafe Chini ya Mchai

Mtu akitajiwa hatari ya wanyama wa mwituni, awe mzaliwa wa Suneka kule Kisii au mzaliwa wa Chicago, fikira zake hukimbilia kwanza kwa wale simba wawili wa Tsavo ambao mwaka wa 1898 waliwanyakua wajenzi wa reli ndani ya mahema yao na kuusimamisha ujenzi wa daraja, na ambao ngozi zao, baada ya kutandikwa miaka mingi nyumbani kwa Patterson, mhandisi aliyewaua, ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, huko huko Chicago, ambako wamejazwa na kusimamishwa hata leo. Patterson alidai kuwa waliwala watu 135. Uchunguzi wa nywele na mifupa yao uliotangazwa mwaka wa 2009 ulikadiria kiasi cha 35. Tofauti hiyo haiwapunguzii simba hao ukali wao, bali yadhihirisha kwamba hofu ina hesabu yake, na hesabu hiyo siku zote humpendelea mnyama mkubwa mwenye meno ya kuonekana.

Mkaaji wa Kisii au Nyamira akingojea kukutana na simba mlangoni pake atangoja hata azeeke. Vilima vya Gusii, kwa rutuba ya udongo wake na wingi wa mvua yake, vimevuta watu kwa karne kadhaa, na hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuta zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii na zaidi ya 670 katika ile ya Nyamira, msongamano ambao katika nchi nyingi ungeitwa mji. Zamani vijana wa Abagusii, wenyeji wa vilima hivyo, walilala katika ebisarate, kambi za ng'ombe, mikuki ikiwa karibu, wakiilinda mifugo na wanyang'anyi, na vile vile na chui na fisi. Serikali ya kikoloni ikazivunja kambi hizo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, misitu ikafyekwa kupisha mahindi, kahawa, pareto na hatimaye chai, na wanyama wakubwa wakahama au wakaangamia, wakabaki katika miiko ya koo na katika majina. Ndovu na viboko walio wengi kuliko wote Gusii siku hizi ni wa mawe: huko Tabaka mchongaji huketi kivulini, mikono na kope zimejaa vumbi jeupe la jiwe la sabuni, akamtoa kiboko ndani ya bonge kwa panga na kisu, akawapa wanawake wampige msasa ndani ya beseni la maji na kumpaka nta, kisha mnyama huyo akasafiri hadi Ulaya kupamba meza ya mtu, ilhali aliyemchonga yumkini hajapata kumwona kiboko hai maishani mwake.

Chui, ambaye Abagusii humwita engo, amebaki mgeni wa mara moja moja. Kisii imepakana na Narok, na mnyama huyu, awezaye kuishi kwa mbwa, kuku na mbuzi bila ya jirani kujua kuwa yupo, hufuata mabonde ya mito usiku, na kunako mapambazuko akajikuta amezungukwa na nyumba pande zote. Sina mengi ya kusema juu yake ila hili: chui aliyejificha katika kichaka cha mikaratusi mara nyingi hataki ila kuachwa hata giza liingie, na majeraha mengi hupatikana pale umati unapomzunguka kwa rungu, mawe na simu za kupigia picha, ukamziba njia ya kutokea. Watu na watawanyike, watoto waingizwe ndani, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waitwe.

Ninayetaka kumzungumzia ni mwingine, ambaye hakuhama misitu ilipofyekwa kwa sababu mashamba yamemfaa kuliko misitu. Palipo na ghala la mahindi pana panya. Palipo na panya, nyoka hana haja ya kwenda mbali. Na katika nyoka wote wa nyanda hizi anayestahili kujulikana na kila mchumaji chai ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma: mnene, mfupi, aghalabu urefu wake mita moja hivi, kichwa kipana, mgongo wenye alama zilizopangana mfano wa mikuki inayoelekea mkiani. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha mguu hukimbia, na hiyo ndiyo rehema yao kwetu, lakini bafe hukaa. Maisha yake yote yamejengwa juu ya kukaa. Huweza kulala mahali pamoja siku nyingi akiotea, na watafiti wa Afrika Kusini waliowafunza mbwa na nguchiro kutambua harufu za nyoka walikuta, katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2015, kwamba wanyama hao waliwatambua nyoka wengine bila ya taabu, lakini bafe aliye katika maotea walimpita kana kwamba hapana kitu. Chura akikaribia, bafe huutoa ulimi wake na kuuchezesha polepole kama mnyoo, na chura, akidhani amepata riziki, akawa yeye ndiye riziki. Kwa uzazi pia si haba: bafe hatagi mayai nje bali huzaa watoto hai, kwa kawaida ishirini hadi hamsini, na jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa 156 kwa mkupuo mmoja.

Sasa mwazie mnyama wa tabia hiyo chini ya mchai. Michai iliyotunzwa vema hukutana vichwa, ikafanya uso mmoja wa kijani unaomfikia mchumaji kiunoni, na mikono yake yapita juu ya uso huo ikikata majani mawili na chipukizi na kuyatupa kikapuni mgongoni, macho yakifuata mikono, kwa maana kilo ndizo zitakazopimwa kituoni. Miguu ndiyo inayotembea gizani, katika umande, juu ya matawi yaliyopogolewa na kuachwa yaoze. Si ajabu basi kwamba watu wengi huumwa chini ya goti. Viatu vya mpira virefu, ambavyo wengi huvivaa kwa sababu ya tope, huokoa miguu kuliko dawa yoyote iuzwayo sokoni, na fimbo ya kutikisia shina kabla ya kuingia safu mpya haina gharama. Laiti ningalikuwa na amri juu ya vituo vya kununulia majani chai, kila mtoto aendaye kumsaidia mama yake kuchuma siku za likizo angalivaa viatu kwanza.

Wako na wengine. Fira wa msituni, mweusi wa kung'aa, na swila mwenye kutema mate ya sumu hupatikana magharibi mwa Kenya. Na yuko nyoka mdogo wa ardhini ambaye meno yake hutokeza kando ya mdomo hata ukiwa umefungwa, kwa hiyo anayejigamba kumshika nyuma ya kichwa kama waonyeshaji wafanyavyo hujikuta ameumwa kidole. Lakini walio wengi katika mabustani yetu hawana madhara: ukukwi wa kijani apitaye juu ya ua, nyoka wa nyumbani anayewala panya, na yule mdogo wa rangi ya udongo ambaye chakula chake ni konokono na makoa wanaokula sukuma wiki ya mkulima. Hao wote huuawa kwa jembe moja na kwa laana moja. Majirani wa upande wa Ziwa walionyesha njia nyingine: huko Nyakach chatu mmoja, waliyemwita Omieri na kumhesabu kuwa dalili ya mvua na mavuno, alipoungua kwa moto wa nyika mwaka wa 1987 watu walimlilia, akatafutiwa matibabu, na kifo chake kikawa habari ya nchi nzima. Sisemi kwamba kila mtu amkaribishe chatu uani. Nasema tu kwamba chuki ya nyoka si tabia ya kuzaliwa nayo kama tunavyodai.

Sumu nazo hazifanani, na hapa ndipo wengi hupotea. Ya bafe huozesha nyama: mguu huvimba upesi na kuuma mno, malengelenge hutokea, na asiyetibiwa huweza kuupoteza mguu, au uhai, lakini mauti yake aghalabu hayaji kwa saa moja wala mbili. Ya fira wa msituni huenda kwenye neva: kope hulegea, mate hayamezeki, kisha pumzi hukatika, na mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kucheleweshwa hata kidogo. Ya tatu huiharibu damu isigande, nayo ni ya nyoka wa mitini aitwaye boomslang, mwenye macho makubwa na meno ya sumu yaliyo ndani mdomoni, ambaye kwa muda mrefu wataalamu walimdhania kuwa si wa kuua. Karl Schmidt, bingwa wa elimu ya nyoka katika jumba lile lile la Field walimo simba wa Tsavo, aliletewa mtoto wa nyoka huyo mwezi wa Septemba 1957 amtambue, akaumwa kidole gumba, akarudi kwake akaanza kuandika hali yake kwa saa: kichefuchefu, homa, damu katika fizi. Alikula chakula chake kama kawaida. Siku ya pili alikuwa maiti. Simba wale walihitaji miezi na giza kuutia hofu ulimwengu. Mwanachuoni huyu aliuawa na mtoto wa nyoka kwa siku moja tu, huku akiziandika dalili zake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka wa 2017 liliuingiza ugonjwa wa sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa, lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa, na wengi wao ni wakulima na watoto wao. Bunge la Kenya nalo, lilipotunga Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 na kuweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mauti, lilimtaja nyoka mwenye sumu katika jedwali moja na ndovu na simba, wala halikukosea.

Dawa ipo. Mfaransa Calmette aliitoa kwa mara ya kwanza miaka ya 1890 kwa kuwadunga wanyama sumu kidogo kidogo hata damu yao ikajifunza kuipinga, na Vital Brazil wa São Paulo akadhihirisha, muda mfupi baadaye, kwamba kinga ya nyoka wa aina moja haifai kwa nyoka wa aina nyingine. Ndiyo sababu dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haitegemewi kumponya aliyeumwa Nyamira, na mfamasia apasa kuulizwa dawa aliyo nayo ni ya nyoka gani. Ni ghali, hutaka uangalizi, na si kila zahanati inayo. Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya mgonjwa na jamaa zake. Pasikatwe kwa wembe, pasinyonywe kwa mdomo, pasifungwe kamba ya kuzuia damu, kwa maana sumu ya bafe iliyofungiwa mahali pamoja huila nyama hiyo zaidi. Na lile jiwe jeusi, ambalo kwa kweli ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, hushikamana na jeraha kwa kuwa lina vitundu vidogo vinavyofyonza majimaji, lakini sumu iliyokwisha ingia mwilini halina uwezo wa kuirudisha. Bangili, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, mtu asitembee kwa miguu yake. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi, tena mengi.

Kisha aitwe mwenye bodaboda. Katika vijiji vya kusini mashariki mwa Nepal watu wa kujitolea wenye pikipiki walipangwa wawachukue walioumwa, mgonjwa akikalishwa kati ya dereva na mtu wa kumshika kutoka nyuma, na wanakijiji wakafunzwa mambo hayo niliyoyataja; katika kila watu mia walioumwa, waliokufa walishuka kutoka kumi na kitu hadi chini ya mmoja. Hawakuwa na dawa mpya. Walichopunguza ni njia. Na ikiwa kuna kitu ambacho Gusii, kwa barabara zake za mteremko na tope, haikupungukiwa nacho, ni vijana wa pikipiki: wako Keroka, wako Ogembo, wako Kebirigo, hata penye vijia ambavyo gari la wagonjwa haliwezi kufika. Kilichobaki ni kila stendi kujua mapema ni hospitali gani yenye dawa, ili mgonjwa asizungushwe vituo vitatu usiku.

Hospitalini jamaa wasishangae tabibu akitoa damu kidogo, akaimimina katika chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila ya kuigusa: akiiinamisha na ikatiririka, damu haigandi, na hilo humwambia mengi kuliko nyoka aliyeuawa na kuletwa mfukoni, ambaye katika kumwinda huenda akaumwa mtu wa pili. Wasishangae pia wakiona mtoto wa miaka minne anapewa kiasi kile kile cha dawa anachopewa mtu mzima. Dawa hii haipimwi kwa uzito wa mgonjwa, kwa sababu bafe hakumpunguzia mtoto sumu.