Saruji ya Vijiji vya Korea

Wanachama wetu, twapenda kuwaelezeni jinsi serikali ya Korea ya Kusini ilivyoinua vijiji vilivyobaki nyuma. Mwaka 1970 ilianzisha Saemaul Undong, yaani Harakati za Kijiji Kipya. Vijiji zaidi ya 33,000 vilipewa kila kimoja mifuko 335 ya saruji kwa kazi ya wote, kama njia, madaraja na visima. Si ya kugawana majumbani. Kisha vijiji kama 16,600 vilivyofanya vizuri vikaongezwa mifuko 500 na tani moja ya chuma. Vilivyozembea havikuongezwa kitu.

Nasi njia zetu mbovu twazijua, na karafuu mbichi ikilundikana huharibika. Basi msaada ukija, utukute tumekwisha kupatana pa kuanzia.