Mwepu Ilunga: Beki Aliyeijua Kanuni

Joseph Mwepu Ilunga, aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1949, alikuwa beki wa kulia wa TP Mazembe ya Lubumbashi na wa timu ya taifa ya Zaire (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo), ekipe ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Nje ya Kongo jina lake hutajwa kwa sababu ya tukio moja la sekunde chache mwaka 1974, nalo hutajwa kwa kicheko. Kicheko hicho kinamdhulumu mchezaji aliyekuwa miongoni mwa mabeki bora wa kizazi chake barani.

Klabu aliyotoka haikuwa ndogo. Mazembe, ambayo enzi hizo iliitwa Englebert, ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na tena 1968, kisha ikacheza fainali mbili zilizofuata. Rais Mobutu alipoona nguvu ya kandanda, aliifanya timu ya taifa kuwa sura ya utawala wake: wachezaji wakaitwa Leopards, wakavishwa jezi za kijani zenye kichwa cha chui kifuani. Siasa ya uhalisi ilipoingia, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Joseph akabaki Mwepu Ilunga.

Machi 1974, huko Cairo, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia iliisha kwa sare ya 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba. Nyuma yake kulikuwa na ngome iliyojengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa Mazembe: Mwepu upande wa kulia, Mwanza Mukombo kushoto, Bwanga Tshimen katikati akisaidiana na Lobilo Boba wa Vita Club, na Kazadi Mwamba golini. Bwanga alikuwa ndiye mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Rais akawapa wachezaji nyumba na magari, na wengi waliamini kwamba Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi litawaletea utajiri mkubwa zaidi.

Mchezo wa kwanza, Dortmund, tarehe 14 Juni, walifungwa na Scotland 2-0 tu, na hawakuaibika. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, walipata habari kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia, kwani zilikuwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao. Walitaka kugoma. Mwishowe waliingia uwanjani Gelsenkirchen dhidi ya Yugoslavia, wakafungwa 9-0. Kocha wao, Blagoje Vidinić, mwenyewe Myugoslavia, alimtoa Kazadi baada ya bao la tatu na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Katika fujo iliyofuata bao la nne, refa alipigwa teke, akamtoa Mulamba kwa kadi nyekundu. Wachezaji wamesimulia kwamba aliyepiga teke lile alikuwa Mwepu; refa alikosea mtu.

Kabla ya mchezo wa Brazil, tarehe 22 Juni, walinzi wa rais walifika hotelini, wakawafukuza waandishi wa habari na kutoa onyo: wakifungwa mabao manne, wasirudi nyumbani. Brazil nayo ilihitaji ushindi wa mabao matatu ili iipite Scotland kwenye kundi. Hadi dakika ya 66 Zaire ilikuwa imefungwa bao moja tu, la Jairzinho. Rivelino akaongeza la pili, na Valdomiro akafunga la tatu dakika ya 79.

Karibu na mwisho wa mchezo, Brazil ilipata mpira wa adhabu nje ya eneo la hatari. Wabrazili wamesimama kuuzunguka mpira, ukuta wa Zaire umepangwa, refa Nicolae Rainea wa Romania anapuliza filimbi. Ghafla Mwepu, namba 2 mgongoni, anachomoka ukutani na kuupiga mpira mbali kabisa. Wabrazili wanashangaa, refa anatoa kadi ya njano, na Mwepu anabaki akibishana kana kwamba ameonewa. Watangazaji wa Ulaya wakasema Waafrika hawajui kanuni. Hilo halisimami hata kidogo. Kanuni ya mpira wa adhabu anaijua mtoto yeyote anayecheza mtaani. Ingewezaje kumshinda bingwa wa Afrika?

Mwaka 2002 Mwepu aliiambia BBC kwamba alifanya vile kwa makusudi. Alitarajia kadi nyekundu, aondoke uwanjani, awe amepinga mbele ya dunia nzima kuendelea kuumia kwa faida ya watu waliokaa jukwaani. Kadi ilikuwa ya njano, na mchezo ukaisha 3-0, pungufu ya bao moja kufikia kile walichoonywa.

Waliporudi Kinshasa hakuna aliyewapokea kwa shangwe. Mobutu aliacha kuijali timu, na mashujaa wengi wa Cairo walizeeka katika umaskini. Mwepu mwenyewe aliwahi kusema kwamba kama angejua, angekuwa mkulima. Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 65. Hadi fainali za Qatar za 2022 Kongo haikuwa imerudi tena kwenye Kombe la Dunia. Mechi zake zilikuwa zile tatu za Ujerumani, na Mwepu Ilunga alicheza zote.