Daftari Lenye Jina Lako

Somo: Kumbukumbu la Torati 17:18–20

 

Leo twataka kusema juu ya kitu kidogo kinachouzwa katika kila duka la kijijini, karibu na chumvi na sabuni. Nacho ni daftari. Labda mwauliza, daftari lina nini na wokovu wetu? Basi tulitazame somo letu.

Musa alikuwa akiwapa Waisraeli amri juu ya mfalme watakayemweka siku moja. Mambo mengi mfalme huyo alikatazwa. Asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Lakini kitu kimoja aliamriwa awe nacho kilicho chake mwenyewe: nakala ya torati. Aiandike katika kitabu, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Makuhani walikuwa nayo torati tayari, na mfalme angeweza kuwaita wamsomee wakati wo wote. Mbona basi ajiandikie? Somo lenyewe latupa sababu: ajifunze kumcha Bwana, na moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Neno lililopita katika mkono wa mtu mwenyewe, herufi kwa herufi, halimwachi kama lilivyomkuta. Masikio husikia upesi na kusahau upesi. Mkono huenda polepole, na akili hulazimika kuungoja.

Kwa hiyo twawashauri, kila Mkristo ajuaye kuandika awe na daftari lake. Si lazima liwe la bei. Lile la kurasa 96 la watoto wa shule latosha. Mwenye uwezo anunue lenye jalada gumu, litamfaa miaka mingi. La maana ni kulifanya liwe lako. Livike karatasi ya kaki, au kipande cha leso iliyochakaa, kishone pembeni kisitoke. Tia uzi wa rangi katikati uwe alama ya mahali ulipofika. Andika jina lako katika ukurasa wa kwanza, na siku uliyolianza, na mstari mmoja wa Maandiko uliokushika. Ukurasa wa mwisho uwe wa majina ya wale unaowaombea.

Msione kwamba huo ni mchezo wa watoto. Mungu ametupa furaha katika vitu vidogo, na si dhambi kupenda harufu ya karatasi mpya, au kalamu iendayo vizuri bila kuchubua karatasi. Mkulima hupenda jembe lake lenye mpini uliolainishwa na mikono yake mwenyewe. Akiazimwa jingine, analima, lakini hajisikii nyumbani. Ndivyo lilivyo daftari. Ukilipenda utalifungua, na ukilifungua utaandika. Simu ya mkononi nayo yaweza kuhifadhi maneno, wala hatuilaumu. Ila simu ina wageni wengi wanaobisha hodi, na daftari halimwiti mtu mwingine wakati unapoongea na Mungu.

Sasa tuandike nini? Twataja mambo matatu.

Kwanza, andika Neno. Jumapili, mahubiri yanapokwisha, andika aya iliyosomwa na jambo moja tu ulilopewa. Usijaribu kuandika yote. Alhamisi jioni lifungue tena, ujiulize kama jambo lile umelitenda. Wengi wetu tukiulizwa siku ya Jumatano mhubiri alisema nini, twakumbuka tu kwamba alisema vizuri.

Pili, andika tarehe na ulichokiona, nawe uandike kweli. Hapa twamkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kuelekea Uchaga, aliona kitu cheupe juu ya kilele cha mlima. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule baridi, basi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji, akaandika katika kitabu chake cha safari. Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wataalamu wengine walikataa. Bwana Cooley wa London, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Miaka ya 1861 na 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro, na maneno ya Rebmann yakathibitika. Wakati wote huo maandishi yalikuwa palepale, na tarehe yake. Hivyo ndivyo ilivyo na rehema za Mungu. Siku ya mashaka itakuja, na sauti itakuambia kwamba Bwana hajakutendea neno lo lote. Siku hiyo lifungue daftari. Tarehe fulani mtoto alipona. Tarehe fulani karo ilipatikana. Tarehe fulani mlipatana na jirani.

Tatu, andika maombi. Gawa ukurasa kwa mstari, upande huu uandike ulichoomba, upande wa pili uache nafasi ya jibu. Na hapa, wapendwa, yatupasa kusema wazi, kwa maana nafasi nyingine hukaa tupu.

Mama mmoja katika usharika wetu aliandika jina la mwanawe aliyeondoka nyumbani asirudi. Kila mwaka, siku ile ile aliyoondoka, mama huandika tarehe chini ya jina lile, kuonyesha kwamba ameomba tena. Tarehe hizo sasa ni 11. Upande wa pili hakuna kitu. Hatukumwambia kwamba imani yake ni ndogo, na mtu ye yote asimwambie hivyo. Tulimwambia kwamba orodha ile ya tarehe ni ushuhuda nayo. Mtu asiyemwamini Mungu hamwombi jambo moja kwa miaka 11. Ameacha nafasi ile kwa sababu anajua ni nani mwenye kalamu ya kuijaza.

Tunaye pia Askofu James Hannington, askofu wa kwanza wa sehemu hizi zetu. Mwaka 1885 alisafiri kutoka pwani, akapita nchi ya Wamaasai mpaka Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo. Wengi wa msafara wake aliwaacha hapo pamoja na mchungaji William Jones, naye akaendelea na watu 50 kuelekea Uganda. Huko Busoga alikamatwa, akafungwa kwa muda wa siku nane, mgonjwa wa homa. Alikuwa na kitabu chake kidogo cha kumbukumbu, na siku zile zote aliandika. Aliandika juu ya homa, na uchafu wa kibanda, na Zaburi zilizomtia nguvu. Siku ya mwisho, tarehe 29 Oktoba, aliandika kwamba hakupata habari yo yote, kwamba Zaburi ya 30 ilimshikilia, na kwamba fisi alilia karibu usiku kwa kunusa harufu ya mgonjwa, lakini alitumaini hatampata bado. Siku hiyo hiyo aliuawa, na karibu watu wake wote. Kitabu kile kiliokoka, na maneno yake yakachapishwa.

Tazameni alivyoandika. Hakujifanya shujaa. Fisi yumo na Zaburi imo, katika ukurasa mmoja. Aliomba kufunguliwa, na hakufunguliwa kwa namna aliyotaka. Lakini tukisoma twajua kwamba hakuachwa peke yake katika kibanda kile. Basi nawe ukiandika mbele za Mungu, usipambe. Kama umeogopa, andika umeogopa. Bwana hasomi mwandiko mzuri, asoma moyo.

Kabla hatujamaliza, twatoa onyo moja. Liko daftari jingine ambalo wengi tunalo, ingawa halionekani. Ndilo lile la makosa ya watu. Humo tumeandika ndugu aliyetunyima shamba, na shemeji aliyetusema vibaya mazishini, na mwaka, na saa. Daftari hilo halipotei, wala wino wake haufifii. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, atufundisha kwamba upendo hauna hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo daftari lako la karatasi lisigeuke kuwa mahali pa kutunza uchungu. Ukiandika kosa la mtu, andika pembeni siku uliyomsamehe. Na kama hujaweza kusamehe, liweke jina lake katika ule ukurasa wa mwisho, pamoja na wale unaowaombea. Ni vigumu kumchukia kwa muda mrefu mtu ambaye jina lake unalisoma kila asubuhi mbele za Mungu.

Nanyi msiojua kuandika, msihuzunike. Mpeni mjukuu kalamu, mumweleze mambo Bwana aliyowatendea, naye aandike. Mtapata daftari, na mjukuu atapata urithi usiogawanywa mbele ya chifu.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyeandika majina yetu katika kitabu cha uzima, tufundishe kuzikumbuka rehema zako. Tupe mkono wa kweli na moyo usiojiinua. Wape saburi wote wenye nafasi tupu mbele yao. Futa kwa damu ya Mwanao hesabu tulizowekeana sisi kwa sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.