Chui Asiyejua Mpaka

Katika pembe ya mashariki ya mbali ya bara la Asia, mahali ambapo mipaka ya Urusi, China na Korea Kaskazini inakutana, yuko chui wa Amur. Chui huyu hakuumbiwa jua la mbuga bali theluji. Wakati wa baridi manyoya yake hurefuka hata kufikia sentimita 7. Uzuri wa ngozi hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyomponza, akawindwa hata akakaribia kutoweka duniani.

Zamani chui huyu alienea katika rasi nzima ya Korea, kaskazini-mashariki ya China na kusini ya jimbo la Primorye nchini Urusi. Wakati Wajapani walipoitawala Korea, toka 1910 hadi 1945, mamia ya chui waliuawa kwa kuhesabiwa wanyama waharibifu. Baadaye misitu ikakatwa, moto ukateketeza vichaka, na kulungu ambao ndio chakula chake wakamalizwa kwa bunduki na mitego ya waya. Mwaka 2007 nyayo zilipohesabiwa katika theluji upande wa Urusi, waliobaki walikadiriwa kuwa baina ya 25 na 34. Idadi hiyo ni ya platuni moja tu ya askari.

Hatari ya uchache huo ni dhahiri. Wanyama wachache wanaozaana wenyewe kwa wenyewe hudhoofika damu. Tena, maradhi mamoja yaliyotoka kwa mbwa wa kijijini, au moto mmoja wa nyika, yaweza kuwamaliza wote.

Lakini lipo tatizo jingine lililo kubwa zaidi. Chui hana pasi. Usiku mmoja hulala Urusi, na usiku wa pili huwinda China. Basi akilindwa na serikali moja, kisha akanaswa na mtego upande wa pili, ulinzi huo ni kazi bure.

Na majirani hawa hawakuwa marafiki siku zote. Mwezi Machi 1969, majeshi ya Muungano wa Kisovieti na ya China yalipigana katika kisiwa kimoja cha mto Ussuri, kwenye mpaka huo huo wa Primorye. Ndiyo maana hatua zilizochukuliwa tangu hapo zinastahili kuangaliwa kwa makini.

Mwaka 2012 Urusi ilianzisha Hifadhi ya Taifa iitwayo Nchi ya Chui, yenye hekta zipatazo 262,000. Mwaka 2013 sheria yake ya jinai ikakazwa: tangu hapo mkosaji si yule tu aliyeua, bali pia anayemiliki, anayesafirisha au anayeuza ngozi ya mnyama huyo. Mwaka 2016 barabara kuu ikapitishwa ndani ya handaki ili chui wavuke juu yake kwa salama. China nayo ilisimamisha ukataji wa miti ya biashara katika misitu ya asili ya eneo hilo, na mwaka 2021 ikatangaza rasmi Hifadhi ya Taifa ya Simbamarara na Chui, yenye kilomita za mraba zipatazo 14,000, karibu sawa na Serengeti. Mwezi Mei 2024 nchi hizo mbili zilitia saini mapatano ya kuanzisha hifadhi ya pamoja inayovuka mpaka.

Matunda yameonekana. Upande wa Urusi peke yake chui hao sasa wamepita 100, na upande wa China wameonekana majike wenye watoto.

Hata hivyo, hatari haijapita. Chui 100 waliobanwa katika eneo moja bado wako ukingoni, na Korea Kaskazini, jirani wa tatu, haimo katika mapatano hayo. Tena mapatano hayafanyi doria. Mtego wa waya huondolewa na mtu anayetembea msituni, na ngozi iliyofichwa ndani ya gunia hukamatwa na askari aliye macho kizuizini. Jangili hupenda mpaka ambao walinzi wake hawasemezani, kwa maana akifukuzwa huku hukimbilia kule. Walinzi wa pande mbili wakipashana habari, mpaka hukoma kuwa maficho yake. Ujirani mwema haukomi kwenye meza ya wakubwa. Hutimizwa na askari wa zamu, usiku, katika baridi.