Treni haina tarehe: mavuno yetu yatapita wapi?



Gare ndogo za njia ya Kabalo–Kalemie zinafanana. Nyumba ya matofali, mabati yenye kutoboka, dirisha la tiketi lisilofunguliwa tena, majani marefu katikati ya reli. Lakini soko lingali pale. Kina mama wanapanga mihogo, samaki kavu na bidoni za mafuta ya mawese kando ya njia, mahali ambapo mama zao walikuwa wanazipanga. Treni imepungua, soko limebaki, na hasara inamwangukia mkulima.

Njia ilifikaje kwetu?

Mto Lualaba uko na maporomoko, mashua haiwezi kuupita wote. Ndiyo sababu kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli vipande vipande, pale ambapo maji yanakataa. Mwaka 1906 reli ilitoka Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125. Kipande cha Kindu–Kongolo kilifuata karibu na mwaka 1910. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, Kalemie, mji ulioitwa wakati ule Albertville. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kulikuwa reli ingine ya kwenda Dar es Salaam.

Miaka ya kwanza mzigo ulikuwa unashuka treni, unapanda mashua, unashuka tena. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina. Toka siku hiyo behewa moja liliweza kubeba mafuta na mahindi ya kwetu mpaka Lubumbashi bila kupakuliwa njiani.

Tusisahau kwamba njia hii haikujengwa kwa ajili ya mkulima. Wakoloni walitaka kutoa mali, na pamba ya lazima ni moja ya mali hiyo. Hata hivyo, ikiisha kuwa hapo, watu waliitumia kwa faida yao. Vijiji vilihama vikakaa karibu na gare, na mashamba yakafuata vijiji.

Nini iliua treni?

Wengi wanajibu: vita. Ni kweli, vita ya 1998 mpaka 2003 ilikata njia na watu wakakimbia. Lakini si vita peke yake. Reli inaishi kwa mzigo mzito. Wakati shaba ya Katanga ilianza kupita barabarani ndani ya malori, kupitia Kasumbalesa, feza ya kutengeneza reli ilipungua. Lokomotivu zilizeeka, wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Njia zenye mzigo mdogo kama za kwetu, ndizo za kwanza kusahauliwa.

Treni zingine zingali zinapita, lakini bila tarehe ya kujulikana, na kwa mwendo wa polepole sana. Hatari nayo iko. Mwezi wa 9 mwaka 2019, treni ilianguka karibu na Mayibaridi, katika Tanganyika, na watu wengi walikufa. Kwa hiyo tunawaomba: msipande juu ya mabehewa ya mizigo, hata kama mzigo ni wenu na mnataka kuulinda. Mfuko wa mahindi unaweza kupatikana tena, mtu hapana.

Mkulima anapoteza nini?

Mkulima akiwa na mahindi mabichi kidogo, hana depo, na hajui treni itafika lini, mchuruzi anajua kwamba atauzisha tu. Bei inapangwa na mwenye kinga au lori. Tena, kila barieri njiani inakula kidogo, na hiyo yote inatolewa katika bei ya mkulima. Haiko kosa la mchuruzi peke yake. Mtu anayeuzisha pekee yake, kwa haraka, hana nguvu ya kukataa.

Koperative inaweza kufanya nini?

Hatuwezi kutengeneza reli. Lakini tunaweza kujipatia muda wa kungojea.

1. Kukausha vizuri. Tia mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, kisha ngojea dakika chache. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi ingali na maji, rudisha juani. Mahindi yenye maji yanaoza ndani ya mfuko mbele ya treni kufika.

2. Kupunguza uzito. Mihogo mibichi karibu kilo 3 inatoa kilo moja ya mihogo mikavu. Kusafirisha maji ni kutupa feza. Ngazi nazo zikamuliwe kijijini, mafuta ndiyo isafiri.

3. Kuweka pamoja. Depo moja ya koperative, mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na kitabu cha kuandika jina na kilo za kila mmoja. Pimeni kwa mzani, si kwa jicho.

4. Kutuma habari. Mwanachama mmoja aliye karibu na gare kubwa, Kabalo ao Kalemie, apige simu treni ikionekana. Siku mbili za kujua mbele zinatosha kushusha mifuko.

5. Kuhesabu njia zote. Mbele ya kuchagua treni, mashua, lori ao kinga, andikeni bei ya usafiri kwa kilo, pamoja na barieri na siku za kungojea. Njia inayoonekana rahisi mara nyingi ndiyo inakula zaidi.

Maulizo ya mkutano wenu

Msimu uliopita, mifuko ngapi iliharibika kwa kungojea? Nani alipanga bei, sisi ao mnunuzi? Kama treni ingefika kesho asubuhi, tungekuwa na mzigo tayari wa kujaza behewa moja?

Jibuni hili la tatu kwanza. Treni ikifika na kukuta depo tupu, itaenda bila sisi.